Limfoma ya limfoblasti ya ngozi kwa watoto

Hii ni saratani ya nadra ya seli nyeupe za damu zisizokomaa, ambayo kwa watoto wachache huonekana kwanza kwenye ngozi, hasa ya kichwa na shingo. Uvimbe huwa mgumu, mwekundu au wa zambarau, na kwa kawaida hauumi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha, ukabaki ugumu tu chini ya kidole. Mtoto akiwa bado anakula na kucheza, ni rahisi uvimbe huo kuitwa jipu. Kwa mji kama Songea, kusini mwa Tanzania, ulio zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, uamuzi mkubwa kuliko wote hufanyika palepale: kukata kinyama cha kupima kabla mtoto hajapewa steroidi. Prednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, huziua seli hizi kwa muda. Uvimbe hunywea, nyumbani wanashukuru, kisha ugonjwa hurudi, na kinyama kitakachokatwa baada ya dawa huenda kisionyeshe kitu.

Kuna hoja kwamba haiwezekani kukata kila jipu. Ni kweli, wala haihitajiki: jipu lina joto, maumivu na usaha, na hupoa likitibiwa. Anayepaswa kupimwa ni mtoto ambaye uvimbe wake hauna dalili hizo, au amemaliza dozi nao uko vilevile. Tena kipimo hicho hakipotei bure, kwani hubaini pia kifua kikuu cha ngozi na maambukizi ya fangasi. Jicho la daktari peke yake halitoshi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kwamba uvimbe wa taya za watoto ni sarkoma, yaani saratani ya tishu kama mifupa na misuli. Ni hadubini za wanapatholojia wa huko zilizoonyesha kuwa ni limfoma, ya aina nyingine. Hata maabara huweza kupotea kwa limfoma hii ya ngozi: alama za seli ziitwazo CD45 na CD20 zinaweza kukosekana, CD99 ikaonekana, na ugonjwa ukadhaniwa ni sarkoma ya Ewing. Ndiyo maana alama nyingine, TdT na CD79a, lazima zitafutwe.

Umbali nao si kizuizi cha hatua ya kwanza. Kinyama kilichotumbukizwa katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo mara kumi ya kinyama chenyewe, husafiri salama. Wazazi wanaohofu kuwa kisu kitasambaza ugonjwa waelezwe kwamba seli hizi huweza kusafiri na damu hata pasipo kisu. Kwa hiyo uboho na maji ya uti wa mgongo hupimwa pia. Seli changa zikifika asilimia 25 ya uboho, ugonjwa huhesabiwa kuwa lukemia. Tiba ya limfoma hii hufuata ile ya lukemia kali ya limfoblasti, na watoto wengi wanaoipata kwa ukamilifu hupona.