Asili ya Alhamisi ya Shukrani

Kila Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, watu wa Marekani aghalabu huziacha kazi zao, wakasafiri kutoka miji ya mbali kwenda kwa wazee wao, wakaketi pamoja kula bata mzinga na maboga, na kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema za mwaka.

Wasimulizi huianza taarikh ya siku hiyo mwaka 1621, katika kijiji cha Plymouth, Massachusetts, ambako Waingereza waliowasili mwaka uliotangulia kwa merikebu iitwayo Mayflower, na ambao takriban nusu yao walikwisha kufa kwa baridi na maradhi, walivuna mahindi waliyofundishwa kuyapanda na mwenyeji mmoja, Tisquantum. Wakafanya karamu ya siku tatu, na Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, wenyeji wa eneo hilo, akahudhuria pamoja na watu wake wapatao 90, walioleta kulungu watano. Lakini amani ile haikudumu, kwani mwaka 1675 Metacom, mwana wa Massasoit, alipigana na walowezi vita vikali vilivyowaangamiza wengi wa kaumu yake. Na kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1970, baadhi ya wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku iyo hiyo kuomboleza.

Rais George Washington aliitangaza tarehe 26 Novemba 1789 kuwa siku ya shukrani, ila baadaye jambo hilo liliachiwa magavana, kila mmoja akichagua siku aitakayo, na majimbo mengine yasichague kabisa. Aliyewaunganisha ni Sarah Josepha Hale, mzaliwa wa New Hampshire, aliyefiwa na mumewe mwaka 1822 akaachiwa watoto watano, akawalea kwa kalamu yake. Katika riwaya yake ya mwaka 1827, Northwood, aliieleza karamu hiyo kwa mapenzi makubwa. Na alipokuwa mhariri wa gazeti la Godey's Lady's Book, aliwaandikia magavana na marais, mmoja baada ya mwingine, akiwasihi waiweke siku moja kwa taifa zima.

Tarehe 28 Septemba 1863, hali Wamarekani wakichinjana wenyewe kwa wenyewe, na maelfu wakiwa wamekwisha kuzikwa katika uwanja wa vita wa Gettysburg, bibi huyo alimwandikia Rais Abraham Lincoln. Na tarehe 3 Oktoba Lincoln akatangaza kuwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba iwe siku ya shukrani, akiwataka raia wawaombee rehema wajane, mayatima na wafiwa, na kumwomba Mola aliponye taifa lililojeruhiwa. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliirudisha nyuma kwa juma moja ili kuwafaa wafanyabiashara, majimbo yakagawanyika, hata Bunge likakata shauri kwa sheria mwaka 1941 kuwa iwe Alhamisi ya nne.

Basi na ijulikane kuwa sikukuu hii ilipatikana kwa subira ya mjane, ikatangazwa katika mwaka wa misiba. Na mwenye kuiadhimisha kwa utulivu, pamoja na jamaa wachache waliosalia, hakuipunguzia heshima yake hata kidogo. Nanyi ndugu zetu mlioko ugenini huko Marekani, siku hiyo iwadiapo, kaeni na watoto wenu muwasimulie habari hizi zote, za karamu na za vita pia, na mkaribisheni mezani jirani asiye na jamaa.