Ndoa, Dini na Miliki: Madai ya Mirathi ya Salme binti Said, 1866–1888

Salme binti Said hakuwa mtu asiye na mali alipotoroka Unguja mwaka 1866. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alipofariki mwaka 1856, binti huyo alipewa fungu lake la fedha pamoja na shamba lenye nyumba, ingawa alikuwa na umri wa miaka 12 tu. Mama yake alipofariki mwaka 1859, alirithi mashamba mengine matatu. Kilichomtenga na mirathi iliyofuata kilitendeka Aden tarehe 30 Mei 1867, alipobatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyohiyo na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg.

Hadhi yake ilibadilika mbele ya sheria mbili kwa mpigo. Kwa Wajerumani, mke alifuata uraia wa mumewe. Kwa sheria ya Kiislamu, ndoa ya Mwislamu na mume Mkristo ni batili, na aliyeritadi hamrithi Mwislamu. Ruete alipofariki kwa ajali mwaka 1870, Salme alibaki Ujerumani na watoto watatu, mjane kwa sheria moja, na kwa nyingine mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa na Ruete.

Waandishi wengi huyataja madai yake kwa neno moja, “urithi”. Neno hilo linaficha tofauti ya msingi. Mashamba ya 1856 na 1859 aliyapata akiwa Mwislamu, yakawa miliki yake kamili. Suala lililobaki ni athari ya kuritadi, ambapo wanazuoni wengi wa Kishafii huona kuwa miliki husimamishwa, haifutiki papo hapo. Mafungu ya ndugu waliofariki baada ya 1867 ni jambo jingine, kwani hapo haki yenyewe haikuzaliwa. Kuhusu mafungu hayo, Sultani Barghash alikuwa na hoja ya kisheria, hata kama chuki nayo ilikuwapo (na ajabu ni kwamba Salme ndiye aliyekuwa mwandishi wake wa barua katika uasi wa 1859).

Mwaka 1885 alirudi Unguja chini ya ulinzi wa manowari za Kijerumani. Uraia alioupata kwa ndoa ukawa sasa chombo cha Bismarck. Barghash alipokubali himaya ya Ujerumani bara, madai ya mjane hayakuwa tena na manufaa kwa Berlin. Alirejea tena mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu.