Uzio wa Leppings Lane

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 1985, mashabiki wa Bradford City walikwenda Valley Parade kusherehekea. Timu yao ilikuwa imekwisha kutwaa ubingwa wa Daraja la Tatu, na mechi dhidi ya Lincoln City ilikuwa ya kukamilisha ratiba tu. Kabla ya mapumziko, moshi ukaanza kufuka chini ya jukwaa kuu. Lilikuwa jukwaa la mbao, na takataka za miaka mingi zilirundikana chini ya sakafu yake. Dakika chache zilitosha kuliteketeza lote. Watu 56 walifariki.

Wengi wa waliofariki walikimbilia milango ya nyuma, wakaikuta imefungwa. Waliokimbilia mbele, kwenye nyasi, waliokoka kwa maelfu, kwa sababu jukwaa lile halikuwa na uzio upande wa uwanja. Kila mwenye uwanja nchini Uingereza alipaswa kuliona hilo.

Lakini mwaka ule macho ya wengi yalikuwa kwa wahuni. Mwezi Machi, mashabiki wa Millwall walikuwa wameng'oa viti vya uwanja wa Luton na kuwarushia polisi. Siku ileile ya moto wa Bradford, fujo zilizuka kwenye mechi ya Birmingham City na Leeds United, na kijana wa miaka 15 akafa kwa kuangukiwa na ukuta. Tarehe 29 Mei, huko Heysel, Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus kabla ya fainali ya Ulaya. Watu walikimbia, wakabanana, ukuta ukaporomoka. 39 wakapoteza maisha, wengi wao Waitaliano. Klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, na Liverpool kwa sita.

Uhuni ule ulikuwa wa kweli, na damu yake ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kumhesabu kila aliyekata tiketi kuwa mhuni. Mwenyekiti wa Chelsea, Ken Bates, alifikia kufunga uzio wa umeme Stamford Bridge, wa aina inayotumika kuzuia ng'ombe. Mamlaka ya jiji la London ndiyo iliyokataa usiwashwe.

Hillsborough, uwanja wa Sheffield Wednesday, ulikuwa na uzio wa chuma tangu miaka ya 1970. Mwaka 1981, katika nusu fainali ya Tottenham na Wolves, watu 38 waliumia kwa msongamano upande wa Leppings Lane. Baadaye ngazi zile za kusimamia zikagawanywa kwa vyuma vingine vya ubavuni, zikawa kama mazizi.

Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool walikutana hapo na Nottingham Forest, nusu fainali ya Kombe la FA. Nje, maelfu walisongamana kwenye milango michache ya kuingilia. Saa 8:52 mchana kamanda wa polisi, David Duckenfield, aliamuru geti kubwa lifunguliwe. Hakuna aliyeziba njia ya chini kwa chini iliyoelekea kwenye mazizi ya katikati, ambayo tayari yalikuwa yamefurika. Umati ukamiminika humo. Waliotangulia mbele walibanwa kwenye uzio, na vijilango vyake vilikuwa vyembamba. Waliojaribu kuuparamia, baadhi ya polisi waliwarudisha, wakidhani ni uvamizi wa uwanja. Saa 9:06 mechi ilisimamishwa. Mashabiki wenyewe waling'oa mbao za matangazo wakazifanya machela. Waliofariki wamefikia 97. Mdogo wao alikuwa mtoto wa miaka 10, binamu wa Steven Gerrard, aliyekuja kuwa nahodha wa Liverpool.

Uongo ulianza kabla miili haijaondolewa. Duckenfield alidai kwamba mashabiki ndio waliovunja geti. Siku nne baadaye gazeti la The Sun liliwatuhumu kuwaibia maiti, na hadi leo wengi Liverpool hawalinunui. Mwaka 2012 jopo huru lilifichua kwamba taarifa 164 za maofisa zilihaririwa, na nyingi kati ya hizo zilifutwa maneno yaliyowalaumu polisi. Wazazi walisubiri mpaka tarehe 26 Aprili 2016, miaka 27, ndipo baraza la wazee wa mahakama liliposema kwamba watoto wao waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Jaji Peter Taylor, aliyeongoza uchunguzi wa maafa hayo, alikuwa amelieleza kosa la polisi mapema, mwaka 1989. Ripoti yake ya Januari 1990 ilivitaka viwanja vikubwa viwe vya viti pekee, na uzio ukaanza kung'olewa. Ligi Kuu ya Uingereza ilipozaliwa mwaka 1992, ilizaliwa katika viwanja vilivyokuwa vikijengwa upya. Anayetazama leo mechi ya Anfield, uwanja wa Liverpool, akiwa kwenye kibanda umiza cha Manzese, Dar es Salaam, anamwona mshambuliaji akifunga na kukimbilia mikononi mwa mashabiki, bila chuma katikati. Tangu msimu wa 2022/23 kusimama kumeruhusiwa tena katika baadhi ya majukwaa: kila safu ina reli yake ya kushikilia, na upande wa mbele uko wazi.