Lokitaung: Mji wa mpakani uliokuwa gereza la waasisi wa Kenya

LOKITAUNG ni mji mdogo ulioko kaskazini mwa Kaunti ya Turkana, nchini Kenya, karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana. Uko zaidi ya kilomita 120 kaskazini mwa Lodwar, makao makuu ya kaunti hiyo, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, na njia ya gari ni ndefu kuliko hapo.

Kwa wingi wa watu, mji huu hauhesabiwi miongoni mwa miji mikubwa ya Kenya. Hata hivyo, historia ya uhuru wa taifa hilo haiwezi kusimuliwa bila kuutaja. Umbali wake ndio uliowafanya watawala wa kikoloni wauteue kuwa kituo cha mpakani na baadaye gereza, na umbali huohuo ndio uliouacha nyuma baada ya uhuru.

Jiografia

Mji umejengwa katika vilima vya mawe vilivyo upande wa kusini wa safu ya Lapurr. Kutoka hapo, korongo la Lokitaung linateremka mashariki hadi uwanda wa ziwa, ambalo uso wake uko takriban mita 360 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini zaidi, ufuoni, kuna Todonyang, mpakani na Ethiopia. Nje kidogo ya hapo ni eneo la Ilemi, ambalo Kenya inalitawala lakini umiliki wake umebishaniwa kwa miaka mingi.

Nchi hiyo ni kame. Lodwar hupata wastani wa mvua usiofika milimita 250 kwa mwaka, na mito mingi hutiririka siku chache tu baada ya mvua kunyesha. Wakazi wengi ni Waturukana wafugaji wa mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda. Walio karibu na ziwa huvua samaki. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo, takriban asilimia 90, huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia.

Ardhi hiyo pia ni hazina ya wanasayansi. Kusini mwa Lokitaung, katika eneo la Nariokotome, Kamoya Kimeu aligundua mwaka 1984 mabaki ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Zana za mawe zilizopatikana Lomekwi mwaka 2011 zimekadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.3.

Kituo cha mpakani

Waingereza hawakuitiisha Turkana kwa urahisi. Mapigano yaliendelea hadi msafara mkubwa wa kijeshi wa mwaka 1918, uliowapokonya Waturukana mifugo mingi. Mwaka 1926 eneo hilo liliondolewa chini ya Uganda na kuunganishwa na Kenya. Tangu hapo liliendeshwa kama wilaya iliyofungwa: hakuna mgeni aliyeingia bila kibali.

Lokitaung ilikuwa ngome ya askari wa KAR waliolinda mpaka. Italia ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi Juni 1940, ikiwa tayari inaitawala Ethiopia, sehemu hiyo iligeuka kuwa uwanja wa vita. Mwaka uliofuata, majeshi ya Afrika Mashariki yalivuka mpaka kutoka kaskazini mwa Turkana na kuingia kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Wafungwa wa Kapenguria

Sifa kuu ya mji ilianza mwaka 1953. Aprili 8 mwaka huo, mahakama iliyoketi Kapenguria chini ya Jaji Ransley Thacker iliwahukumu Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko kifungo cha miaka saba na kazi ngumu kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Oneko alishinda rufaa yake, lakini aliendelea kuzuiliwa kwingineko.

Lokitaung haikuhitaji kuta ndefu. Mfungwa ambaye angetoroka angekutana na jangwa na wenyeji wasiozungumza lugha yake. Kenyatta, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wenzake, alipewa kazi ya kuwapikia. Mwaka 1954 aliletwa pia Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, baada ya kunusurika hukumu ya kifo. Humo gerezani Kenyatta alimfundisha Kiingereza.

Hata hivyo, kimya hakikudumu. Mwaka 1958 barua ya wafungwa kuhusu hali yao ilichapishwa na gazeti la Observer la London. Mwezi Juni mwaka huohuo Oginga Odinga alitangaza katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba wafungwa hao wangali viongozi wa wananchi.

Mwezi Aprili 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, ambako aliishi chini ya amri ya kutotoka. Mwaka 1961 alipelekwa Maralal na hatimaye akarudi kwao Gatundu. Juni 1, 1963, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu.

Baada ya uhuru

Waliofungwa pamoja hawakubaki pamoja. Ngei alikuwa waziri kwa miaka mingi, Kaggia akajiunga na chama cha upinzani cha KPU mwaka 1966, naye Karumba alitoweka nchini Uganda katika miaka ya 1970.

Mji nao ulibaki pembezoni. Barabara kuu itokayo Kitale hupitia Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, mbali upande wa magharibi. Kakuma ilijulikana duniani baada ya kambi ya wakimbizi kuanzishwa mwaka 1992. Lokitaung haikupata umaarufu kama huo. Ukame umeendelea kuua mifugo, na mashambulizi ya mpakani yamewaua wakazi wa sehemu za Todonyang, yakiwemo yale ya Mei 2011.

Katiba ya mwaka 2010 iliunda serikali za kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013, ili fedha na maamuzi yafike hata maeneo kama hayo. Kwa wakazi wa Lokitaung, kipimo cha ahadi hiyo ni maji, barabara na usalama: mambo ambayo serikali ya kikoloni haikuona haja ya kuyapeleka mahali ilipopateua kuwa gereza.