Taa Mbele ya Machweo

Kakontwe, pembeni mwa Likasi, inajulikana kwa mawe yake ya chokaa, ambayo wanajiolojia wameyapa jina la mahali penyewe na ambayo kampuni ya madini ya Gécamines iliyachimba kwa ajili ya viwanda vyake vya shaba na kobalti. Wachache huihusisha chokaa na upigaji picha. Hata hivyo, jua likizama nyuma ya mtu, ukuta uliopakwa chokaa mbele yake huurudisha mwanga usoni mwake, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia: picha ya machweo yenye mtu ndani yake inahitaji mwanga wa pili, na historia yote ya flashi ni juhudi za kuupata mwanga huo pale ambapo hakuna ukuta. Mwaka 1887, Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walichanganya unga wa magnesi na kemikali ya kuuwasha. Mwanga ulipatikana, pamoja na moshi mzito na hatari ya kuungua. Miaka ya 1930 ilileta balbu ya flashi, na Harold Edgerton wa Marekani akaendeleza flashi ya umeme inayowaka kwa muda mfupi mno. Muda huo mfupi ulibadilisha mambo, kwani shata ikikaa wazi zaidi anga huongezeka mwanga, ilhali kipimo cha flashi hakibadiliki. Tena flashi hufifia haraka: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu. Uso wa karibu huipata, anga haiguswi.

Wapo wanaosema huo ni udanganyifu, na kwamba mtu aachwe awe kivuli cheusi mbele ya anga nyekundu. Kivuli hicho ni kizuri, sikatai, hasa wakati wa kiangazi, vumbi na moshi wa moto wa nyika vinapolikoleza jua rangi. Lakini jicho la aliyesimama pale linauona uso pamoja na anga. Ni filamu inayoshindwa. Na filamu haikushindwa kwa usawa: kwa miongo kadhaa, maabara zilizotumia filamu za Kodak zilipanga rangi kwa kufuata picha ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikapoteza sura yake. Kwetu, basi, taa inarudisha kilichonyimwa. Mpiga picha Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika mfululizo wake *Mémoire* wa mwaka 2006, alibandika watu wa picha za kikoloni juu ya magofu ya viwanda vya Katanga; hapo pia, kazi ya mkono juu ya picha, ambayo wengine wangeiita udanganyifu, ndiyo iliyoufanya ukweli wa Katanga uonekane.

Pingamizi lenye uzito ni lile la kipimo: taa kali huua machweo, na mwanga mweupe wa flashi hugombana na wekundu wa jua. Hilo ni kweli, na dawa yake ni karatasi angavu ya rangi ya chungwa juu ya flashi, na nguvu ndogo kuliko ya anga. Wapiga picha wa harusi wa Likasi, pimeni anga kwanza, kisha uso. Machweo yakififia, punguzeni taa nayo.