Mikono yenye Moyo: Historia Fupi ya Kuuguza Wagonjwa



Katika siku kuu ya Yubile tunazoea kuhesabu mabatizo, ndoa na majengo ya parokia. Ni vema. Lakini kuna kazi iliyotembea pamoja na Injili tangu mwanzo, nayo husahauliwa upesi: kazi ya kuuguza wagonjwa. Watu wetu humwita munganga kila mtu anayehudumu hospitalini, awe daktari ao muuguzi. Ni nini basi kinachomfanya mtu kuwa munganga wa kweli: mikono yenye elimu, ao moyo wenye huruma? Tuiulize historia.

Mtakatifu Camille de Lellis alizaliwa katika Italia mwaka 1550. Katika ujana wake alikuwa askari na mchezaji wa kamari. Kidonda cha mguu kisichopona kilimleta katika hospitali ya San Giacomo, mjini Roma. Alipewa kazi humo, kisha akafukuzwa kwa sababu ya kamari na ugomvi. Mungu alimgeuza moyo mwaka 1575, naye akarudi katika hospitali ileile, hata akawekwa kuwa mkubwa wa watumishi wake. Ndipo alipoona jambo lililomchoma: wagonjwa walikuwa mikononi mwa watu wa mshahara wasiowajali. Akakusanya wenzake, na Papa Sixte V akakubali shirika lao mwaka 1586. Camille aliwataka wamtunze kila mgonjwa kama mama anavyomtunza mtoto wake wa pekee, tena aliwaonya watie moyo zaidi katika mikono yao. Aliwaandikia pia kanuni za kazi hiyo, kwani kwake huruma ilikuwa jambo la kufundishwa na la kujifunza. Mwaka 1930 Papa Pie XI alimtangaza, pamoja na Mtakatifu Jean de Dieu, kuwa msimamizi wa wauguzi.

Lakini historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba huruma peke yake haitoshi. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi, Masista na wauguzi walihudumia watu kwa moyo mwema. Ila kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa ajili ya wagonjwa wa nje, nazo zilisuuzwa kwa maji tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulipita katika sindano hizo. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao wakafa. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walipoteza maisha. Hatusemi haya ili kuwahukumu marehemu, kwani nao walitoa maisha yao. Tunasema ili vijana wetu wafahamu kwamba kuchemsha sindano nako ni tendo la mapendo.

Mwaka 1995 ugonjwa uleule uliingia Kikwit. Masista sita wa shirika la Masikini wa Bergamo walikufa kati ya tarehe 25 Aprili na 28 Mei, kwa sababu ya kuhudumia wagonjwa na kuhudumiana wao kwa wao. Mwaka 2021 Kanisa lilitambua fadhila zao za kishujaa.

Kisha ikawa zamu yetu sisi wa mashariki. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, Ebola iliua watu 2287, hasa katika Nord-Kivu na Ituri. Safari hii elimu ilikuwapo: chanjo, dawa, mavazi ya kujikinga. Lakini mgonjwa aliona macho tu ya munganga wake, na jamaa waliogopa kwamba ndugu yao atakufa peke yake. Wengine wakawaficha wagonjwa wao. Ndipo waganga walipofahamu kwamba hofu nayo inaua. Huko Beni walitumia vyumba vyenye kuta za plastiki inayopitisha nuru, ili mama amwone mtoto wake na kusema naye. Watu waliopona walikubali kuwabeba watoto wa wagonjwa. Hapo mikono na moyo vilikutana.

Kwa hiyo tunawaomba wanaofundisha katika shule zetu za ITM na ISTM: pamoja na masomo ya dawa, wafundisheni vijana akili ya moyo. Wajue kuitawala hasira yao usiku wa kazi nyingi. Wajue kumsikiliza mgonjwa asiyesema, na kuheshimu imani yake hata kama si yetu. Akiwa Mkatoliki, wamwite padri mapema. Tangu mwaka 1972 Papa Paulo VI alipotengeneza upya ibada ya Mpako wa Wagonjwa, tunajua wazi kwamba sakramenti hii si ya saa ya mwisho tu. Hata hivi, jamaa wengi bado wanangoja mpaka mgonjwa hawezi tena kujibu sala.

Na sisi Wakristu tusiwaachie wauguzi mzigo wote. Msamaria wa Injili alifunga vidonda kwanza, kisha akakesha na mgonjwa, na alipoondoka akamwachia mwenye nyumba feza za kumtunza. Yubile hii itupatie nguvu ya kufanya vivyo hivyo: kumtembelea mgonjwa, kumlipia dawa maskini, na kumshukuru munganga anayekesha. Bwana Yezu, aliyewagusa wenye ukoma, aibariki mikono yao na mioyo yao. Amina.