Maji ya Unguja: Tangu Mfereji wa Seyyid Barghash hata Mamlaka ya Maji

Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoasisiwa kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2006, ni changa kwa umri, walakini kazi iliyorithi ni kongwe, na mwenye kutaka kuijua sawasawa hana budi arejee nyuma zaidi ya karne moja, hata zama ambazo mji wa Unguja ulikuwa na majumba, masoko na bandari mashuhuri, ila haukuwa na maji salama ya kunywa.

Sehemu kubwa ya kisiwa imekalia jiwe la matumbawe lenye matundu, nacho hakina mito mikubwa idumuyo mwaka mzima. Mvua za masika na za vuli hazikai juu ya ardhi, bali huzama, zikakusanyika chini, kisha zikachomoza mahali mahali kwa chemchemi, kama zile za Mtoni na Bububu kaskazini mwa mji. Neema hiyo ilikuwa karibu, lakini wakaazi wa mjini aghalabu walitegemea visima vilivyochimbwa baina ya nyumba, vyoo na makaburi, ambavyo maji yake mengi yalikuwa ya chumvichumvi. Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kikaukuta mji katika hali hiyo, kikaua watu kwa maelfu. Na James Christie, tabibu aliyekuwako Unguja wakati ule, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1876, akiifuatilia safari ya maradhi hayo kwa njia za mahujaji na misafara ya biashara.

Seyyid Barghash bin Said alitawazwa mwezi wa Oktoba 1870, mji ukiwa bado haujaondoka matanga. Alikuwa amepata kuishi uhamishoni Bombay, baada ya kushindwa mwaka 1859 kumwondoa nduguye Seyyid Majid katika enzi, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Naamini kwamba safari hizo, pamoja na majeneza ya kipindupindu, ndizo zilizomthibitishia kuwa mji wa bandari hauwezi kuishi kwa visima vya uani. Akaamrisha ujengwe mfereji wa kuyaleta maji ya chemchemi hata mjini, yakagawiwa watu bure, na hamamu aliyoijengesha kwa mtindo wa Kiajemi, ambayo mtaa wa Hamamni umechukua jina lake, ikanufaika nayo. Kwa Mwislamu, kumnywesha mwenye kiu ni katika sadaka zilizo bora, na sina shaka kuwa Seyyid alilifanya jambo hili kwa nia ya thawabu kadiri alivyolifanya kwa fahari ya dola yake. Katika yote aliyoyajenga hata kufa kwake mwaka 1888, ikiwamo Beit al Ajaib inayopigwa picha na kila mgeni, mfereji huo ndio uliookoa roho nyingi zaidi, nao hautajwi sana.

Himaya ya Waingereza ilipoingia mwaka 1890, maji yakawa kazi ya serikali, chini ya idara ya ujenzi, na mabomba yakazidi kuenea mitaani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Serikali iliendelea kuwapa wananchi maji bila ya malipo, na kazi hiyo ikaja kuwa mikononi mwa Idara ya Maendeleo ya Maji. Yalikuwa makusudio mema. Lakini hazina ya Serikali ilikuwa na watoto wengi wa kulisha, na mabomba yaliyochakaa yalisubiri zamu yao miaka mingi.

Sheria ya 2006 ilikuja kuubadili utaratibu huo: ikaunda Mamlaka yenye hesabu zake, itakayotoza ada na kuitumia ada hiyo kuendesha huduma, nayo Japani, kwa njia ya shirika lake la JICA, ikasaidia katika miundombinu na katika mafunzo ya watumishi. Wapo waliolisikia vibaya jambo la kulipia, wakihoji vipi neema ya Mwenyezi Mungu iuzwe. Hoja yao naiheshimu, kwani ina mizizi katika dini na katika desturi ya tangu enzi ya Barghash. Ila neema hiyo haipandi ghorofa za Michenzani peke yake, yataka pampu, umeme, mabomba na mafundi wa kuamka usiku, na vyote hivyo vina bei.

Pampu ndizo zilizoleta mtihani mkubwa kabisa. Maji ya mfereji wa kale yaliteremka kwa uzito wake mwenyewe, lakini visima virefu vya leo havitoi tone pasipo umeme, na umeme wa Unguja huja kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari. Waya huo ulipoharibika Mei 2008, kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Ukakatika tena Desemba 2009, na nuru haikurejea hata Machi 2010. Watu waliopitia miezi ile hawalalamikii giza sana. Hulalamikia ndoo, foleni za visimani, na bei ya dumu la maji. Waya mpya, wenye nguvu zaidi, ulianza kazi mwaka 2013.

Sasa mzigo unazidi kwa upande mwingine. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu Zanzibar watu 984,625. Ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773, karibu mara mbili katika miaka ishirini. Watu hao wanahitaji nyumba, na nyumba zinaifuata ardhi iliyo wazi, nayo mara nyingi ni ile ile inayonyonya mvua za masika na kuzilisha chemchemi na visima. Anayejenga hapo na kuchimba choo chake anawarudisha wajukuu wake kwenye maji ya mwaka 1869. Kwa hiyo naiomba Serikali iyawekee maeneo ya vyanzo mipaka inayoonekana na kuilinda bila ya kumwonea mtu haya. Na wewe msomaji, ukiuziwa kiwanja karibu na chemchemi, hata kwa bei rahisi namna gani, ukatae.